Milki ya Umeme na Mfuko wa Nyumba katika Keshero

Ubinafsishaji, katika nchi zilizopitia ujamaa, huanza aghalabu kwa kunadiwa viwanda na majumba ya dola. Lakini wakazi wa Keshero, mtaa wa magharibi ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uliojengwa juu ya mawe meusi ya volkeno, hawakuuona mnada wowote. Dola ilitwaa mali huko pia: Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ingawa hakujiita mjamaa, alitangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba mashamba na maduka ya wageni yatwaliwe. Na SNEL, shirika la umeme lililoundwa 1970, lingali mali ya dola hata leo. Kilichogeuza mambo ni sheria ya tarehe 17 Juni 2014, iliyowaruhusu watu binafsi kuzalisha umeme na kuuuza. Mwishoni mwa 2015 kituo cha Matebe, huko Rutshuru, chenye nguvu ya zaidi ya megawati 13, kilifunguliwa na watu wa hifadhi ya Virunga, waliotaraji kwamba umeme utapunguza ukataji wa miti kwa ajili ya makaa. Na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mitambo yake ya jua ya megawati 1.3 mjini Goma.

Manufaa ya umeme huu wa watu binafsi siyakanushi, kwani taa isiyozimika ni neema kwa mtoto anayedurusu na kwa fundi mwenye cherehani. Lakini athari iliyo kubwa zaidi, nami naona haikupewa haki yake, ni kugeuka kwa wakati wa malipo. Mteja wa SNEL asiye na mita alitozwa kiwango kimoja kila mwezi, umeme uje usije, naye akaweza kuchelewesha, kujadiliana, pengine hata kukataa kulipia giza. Ilhali mteja wa wauzaji hawa wapya, mwenye mita ya malipo ya kabla, hutanguliza fedha, na salio likiisha, taa huzimika bila ya barua wala mjumbe. Deni lililokuwa likibebwa na shirika limehamia kwa mama wa nyumba, ambaye riziki yake huja kwa siku, wala si kwa mwezi.

Tazama uwanja mmoja wenye wapangaji watatu na mita moja, iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye aliyeimudu ada ya kuunganishwa. Mmoja ana balbu na simu. Wa pili ana friji ya kuuzia maji baridi. Wa tatu hupiga pasi nguo za watu kwa ujira. Huchanga sawasawa, na mwezi haujafika mwisho ugomvi umekwishaanza, maana mwenye balbu anamlipia mwenye friji. Bei iliyotangazwa na kampuni ni moja. Bei anayoilipa maskini ni nyingine, na hiyo haimo katika daftari la mtu yeyote.

Linganisha na Dar es Salaam: huko, ambako ujamaa ulikuwa siasa rasmi tangu Azimio la Arusha la 1967, maji yalikabidhiwa kampuni ya City Water mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10, na serikali ikauvunja mwaka 2005: palikuwa na mkataba, na palikuwa na wa kuuvunja. Lakini mamlaka ya kusimamia umeme wa Kongo makao yake yapo Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, na tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Goma, mkono wake haufiki. Hivyo mpangaji wa Keshero aliyezidishiwa mchango hana wa kumshtakia ila mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeupanga mchango huo.