Mvinyo wa Lanzarote: Kweli au Si Kweli?

Ukitaja mvinyo wa Hispania, wengi watakutajia Rioja. Lanzarote haitajwi sana. Ni kisiwa cha volkano upande wa mashariki wa Visiwa vya Kanari, kilomita 130 hivi kutoka pwani ya Afrika, na hata wanaokisikia huambiwa mambo yasiyo sahihi kuhusu zabibu zake.

"Kisiwa kikavu namna ile hakiwezi kuotesha mizabibu." Si kweli. Mvua ya Lanzarote ni milimita 150 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima yeyote angekata tamaa nacho. Hata hivyo kiwanda cha mvinyo cha El Grifo kilianzishwa mwaka 1775 na kinafanya kazi mpaka leo.

"Majivu ya volkano ndiyo yanayoulisha mzabibu." Si kweli, na uongo huu unawanyima wakulima sifa wanayostahili. Tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ya eneo la Timanfaya kisiwani humo ilipasuka, na volkano haikutulia hadi Aprili 1736. Lava na majivu vilifunika karibu robo ya kisiwa, pamoja na vijiji na mashamba ya nafaka. Padri wa Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliandika kumbukumbu za aliyoyashuhudia. Waliobaki waligundua kwamba chini ya majivu hayo, changarawe nyeusi na nyepesi ambayo wenyeji huiita picón, udongo wao wa zamani ulikuwa bado upo, tena una unyevu. Wakaanza kuufukua.

Katika eneo la La Geria, shimo moja huweza kwenda chini mita 2 hadi 3, pana juu na jembamba chini kama faneli, na ndani yake hukaa mzabibu mmoja tu, au miwili. Lazima mizizi iufikie udongo wa kale, maana chakula kiko huko. Changarawe yenyewe haina rutuba ya kutegemewa. Kazi yake ni ya matandazo. Hupitisha maji ya mvua upesi, kisha huzuia jua lisiyakaushe. Ukingoni mwa shimo mkulima hupanga mawe bila saruji, ukuta mfupi wa nusu duara wenye kukinga upepo wa kaskazini-mashariki, ambao huvuma karibu mwaka mzima.

Kwa mpango huo hekta moja hubeba mizabibu mamia machache tu, wakati mashamba mengi ya Ulaya hubeba maelfu. Trekta halipiti. Kupogoa ni kwa mkono, kuvuna ni kwa mkono, na upepo ukiporomosha changarawe shimoni, huondolewa kwa mkono vilevile. Anayelalamikia bei ya chupa ya La Geria, kwangu mimi, hajajua kazi iliyoingia humo.

"Huu ndio mvinyo wa Kanari anaoutaja Shakespeare." Si kweli. Shakespeare alifariki mwaka 1616, zaidi ya miaka 100 kabla ya Timanfaya kulipuka. Mvinyo mtamu uliosafirishwa Uingereza zama hizo ulitoka hasa Tenerife. Na mvinyo mwingi wa Lanzarote siku hizi ni mweupe usio na utamu wa sukari, ingawa mtamu bado hutengenezwa.

"Malvasía ni malvasía, popote ilipo." Si kweli. Jina hilo hubebwa na zabibu nyingi zisizo na undugu. Inayotawala Lanzarote ni Malvasía Volcánica, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa ni mtoto wa Malvasía Aromática na zabibu nyingine ya Kanari iitwayo Marmajuelo. Nyekundu inayojulikana zaidi ni Listán Negro.

"Mizabibu yote ya Ulaya imepandikizwa kwenye mashina ya Kimarekani." Si kweli. Karne ya 19 mdudu wa filoksera, aliyetoka Marekani, alikula mizizi ya mashamba ya Ulaya, na dawa ikawa kupandikiza mizabibu kwenye mashina ya Kimarekani yanayomstahimili. Visiwa vya Kanari viliepuka janga hilo, ndiyo maana mizabibu ya Lanzarote husimama kwa mizizi yake yenyewe.

"Basi visiwa hivyo havina cha kuogopa." Hili nalo si kweli, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mwaka 2025 filoksera iligunduliwa Tenerife kwa mara ya kwanza. Mdudu huyo husafiri na vipando, na udongo ulioganda kwenye viatu au vifaa vya shambani. Mizabibu ya La Geria haina kinga ya kupandikizwa. Ukijaliwa kufika huko, usibebe kipando cha mzabibu kwenda wala kutoka, safisha viatu vyako kabla ya kukanyaga shamba, na usishuke shimoni bila ruhusa ya mwenyewe.