Kompyuta kwa Watoto wa Vijijini: Na Mwalimu Je?

Mara nyingi twaombwa michango ili wanunuliwe kompyuta watoto wa shule zilizo mbali na miji. Kutoa ni jambo jema, wala hatuna nia ya kumzuia mtu mkono wake. Lakini yafaa kwanza tuzijue khabari za waliotutangulia katika kazi hii.

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, mtaalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza kwamba itaundwa kompyuta ndogo ya kukunja, bei yake dola 100, ili kila mtoto wa nchi masikini apate yake. Zilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007, bei ilikuwa imekaribia dola 200. Chombo chenyewe, kwa haki, kilikuwa kizuri: cheupe na kijani, chenye mkono wa kubebea, hakiingiwi na vumbi upesi, na kioo chake chasomeka hata juani.

Serikali ya Peru ilinunua zaidi ya laki nane, ikazipeleka vijijini hata juu ya milima ya Andes. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilitoa uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za huko. Katika hesabu na kusoma, watoto waliopewa hawakuwapita wasiopewa. Kilichozidi kidogo ni wepesi wa akili katika mafumbo ya kupimia fikra. Na ndani ya kila kompyuta mlikuwa na vitabu 200! Basi ni nini kilichokosekana? Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na mwalimu hakupata mafunzo ya kutosha ya namna ya kukiingiza chombo kile katika somo lake. Tena baadhi ya wazazi hawakutaka mtoto arudi nacho nyumbani, wakichelea kisije kikavunjika wakatozwa wao. Hofu hiyo twaielewa. Ni nani kwetu asiyekuwa nayo?

Nchi ya Uruguay, iliyo ndogo sana kuliko Peru, ilianza mwaka 2007 katika kijiji cha Villa Cardal, wakati wa Rais Tabaré Vázquez. Ilipofika mwaka 2009, kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikuwa na kompyuta yake, na intaneti ilikuwa ikipelekwa mashuleni. Hata hivyo, huko nako uchunguzi wa miaka ya mwanzo haukuona alama za hesabu na kusoma kupanda.

Lakini wao hawakukomea hapo. Walimu wa Kiingereza walikuwa haba, basi mwaka 2012 wakaanza kumleta mwalimu darasani kwa njia ya picha na sauti, naye yu mbali, pengine katika nchi nyingine. Mwalimu wa darasa hakuondolewa. Alibaki na watoto wake akiyarudia nao yale yaliyosomeshwa, na wengi wao, kwa kuwa Kiingereza hawakukijua, walijifunza pamoja na wanafunzi wao.