Kofia ya Mpiga Picha

Kijana mmoja wa kanisa alikuja hospitali na kidonda juu ya sikio. Kazi yake ni kupiga picha siku za ubatizo na arusi. Alizaliwa na ngozi isiyo na rangi. Hiyo si laana, wala si kosa la mama yake. Ni urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Lakini ngozi ya namna hii haina kinga ya jua, na kidonda chake chaweza kuwa kansa.

Tukamwuliza, “Huvai kofia?” Akatuonyesha kepi. Kepi hufunika paji la uso tu. Masikio na shingo hubaki nje. Tena akipiga picha huigeuza nyuma, kwani hugonga mashini yake!

Kofia inayomfaa ina ukingo pande zote, upana wa vidole vinne au zaidi. Ukingo uwe laini, apate kuuinua mbele anapotazama katika mashini, kisha aushushe. Iwe na kamba ya kufunga chini ya kidevu, maana mikono yake miwili ina kazi. Uiinue juu kuelekea mwangaza: ukiona matundu, jua nalo litapita. Kofia nyingi za majani ni hivyo. Ushone kitambaa ndani.

Mtoni maji hurudisha jua usoni kutoka chini, na hapo kofia peke yake haitoshi. Avae mikono mirefu, na tangu saa nne hata saa kumi angoje kivulini mpaka aitwe. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kiletwe kwa muganga upesi, hata kama hakiumi.