Matatu Haiangalii Saa

Mtu akijua kwamba kazi yangu ni mifumo ya usafiri, hasa akiwa wa Endarasha huko Nyeri, swali ni lile lile: "Mtatuletea lini programu ya kuonyesha matatu iko wapi, tuache kusimama stejini?"

Hata ukiipata kesho, utasimama vile vile.

London programu hizo zinafaa kwa sababu basi lina ratiba na huondoka hata likiwa na abiria mmoja. Matatu ya kwenda Nyeri huondoka ikijaa. Simu itakuonyesha gari limetulia stejini, na kweli lipo. Ndani mna watu kumi. Wanne kati yao ni vijana wa steji, wamekalishwa ili lionekane limekaribia kujaa. Ukishaingia na kulipa, wanashuka mmoja mmoja kama hawajuani. Setilaiti gani itakwambia hayo?

Na msinitajie Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na wenzao walirekodi zaidi ya njia 130 za matatu kwa simu. Ramani ikatoka 2014, na 2015 ikaingia Google Maps. Kazi safi. Lakini inakueleza upande gari gani na ushukie wapi, si gari litang'oa nanga lini. Mtu wa Endarasha anaijua njia ya Mweiga tangu akibebwa mgongoni! Kadi za kulipia nauli nazo zilijaribiwa: BebaPay ya Google na Equity ilianza 2013, ikazikwa 2015.

Tunachokosa ni hesabu ya wanaongoja, na hiyo hutoka kwa abiria kwenda kwa gari. Namba fupi ya nyota, kama ya kuangalia salio, inatosha: mulika mwizi inaiweza, bila bando. Abiria aweke kiti na alipe sehemu ya nauli kwa M-Pesa, asije akaingia mitini. Namba ya steji ibandikwe ukutani. Nauli ya siku ya mvua itangazwe kwa ujumbe kabla watu hawajatoka nyumbani. Gari la alfajiri lipewe saa na liiheshimu, viti vijae visijae.

Hilo la mwisho halihitaji hata simu. Kwa hiyo kabla hamjaniuliza tena habari za programu, mwulizeni mwenyekiti wa sacco yenu: gari la saa kumi na mbili asubuhi litaanza lini kuondoka saa kumi na mbili?