Wanandoa walivyobadili mipango ya nyumba baada ya mtoto kutafuna rangi ya dirisha

Dar es Salaam. Jumapili ile mume alikwenda na futi kamba, mke na simu iliyojaa picha za sebule za watu. Flati ilikuwa tupu: vyumba viwili, sebule, jiko jembamba na roshani ndogo, ghorofa ya tatu katika moja ya majengo ya zamani ya Upanga. Walikuwa wamekabidhiwa funguo siku nne kabla, baada ya miaka sita ya kuweka akiba na mkopo wa benki ambao bado hawajauzoea.

Walikwenda kupanga matengenezo ya ndani. Yeye alitaka ukuta kati ya jiko na sebule uvunjwe, mumewe alitaka dari ya jipsamu yenye taa za kujificha. Mtoto wao wa mwaka mmoja na miezi minane aliachwa azunguke, kwa kuwa nyumba tupu haina cha kuvunja.

"Tulikuwa tunabishana soketi ya televisheni ikae wapi," anasimulia mke. "Nageuka, namwona amesimama dirishani, mdomo unatembea."

Alimtia kidole mdomoni akatoa kipande cha rangi ukubwa wa ukucha. Juu kilikuwa cheupe, katikati kijani, chini kabisa rangi ya maziwa iliyochakaa. Fremu nzima ya mbao ilikuwa imebanduka hivyo, na unga wake umelala kwenye kizingiti cha dirisha, usawa wa kidevu cha mtoto.

Wanandoa hao wameomba majina yao yahifadhiwe. Hapa wanaitwa Baba Imani na Mama Imani, na jina la mtoto nalo limebadilishwa.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Mama Imani alikuwa na ujauzito wa wiki 22, na habari ya kile kipande cha rangi aliitaja mwishoni, kama mtu anayesimulia vituko vya mtoto. Muuguzi aliweka kalamu chini. Alimuuliza mambo matatu: jengo ni la miaka gani, nani atakwangua hiyo rangi, na siku hiyo yeye na mtoto watalala wapi.

La tatu ndilo lililomkosesha usingizi, kwa sababu mpango ulikuwa wahamie huku fundi akiendelea na kazi.

Muuguzi alikuwa akihofia madini ya risasi, yaleyale yanayotumika kwenye betri za magari. Kwa miaka mingi viwanda vya rangi duniani viliyachanganya kwenye rangi, hasa za mafuta, ili rangi iwe kali, ikauke haraka na kuhimili jua na mvua. Ndiyo maana hupatikana zaidi kwenye mbao na vyuma kuliko kwenye ukuta uliopakwa rangi ya maji: milango, fremu za madirisha, grili, vyuma vya roshani. Kwa maneno mengine, kila mahali ambapo mtoto anayejifunza kusimama hushika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile alichomeza, na kinachoathirika zaidi ni ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kutulia, kukumbuka. Ripoti ya mwaka 2020 ya Unicef na shirika la Pure Earth ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani, takriban milioni 800, ana risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Hicho ndicho kiwango ambacho WHO inataka chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe.

Kwa mjamzito kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Risasi huhifadhiwa kwenye mifupa kwa miaka. Wakati wa ujauzito hutoka humo na kuingia kwenye damu, kisha humfikia mtoto tumboni. Mama anayevuta vumbi la rangi leo anaongeza juu ya akiba ya zamani.

Habari hii si mpya. Mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika kuwa watoto waliokuwa wakiugua huko walikuwa wakipata sumu kutoka kwenye rangi ya baraza za nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi kupakwa ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978. Lakini marufuku huzuia kopo lijalo, haibandui rangi iliyokwisha kupakwa.

Je, dirisha la Upanga lina risasi? Hakuna ajuaye. Rangi yenye risasi haina harufu yake wala alama ya kuonekana kwa macho, na wao hawakuipeleka maabara. Ushauri waliopewa ulikuwa rahisi: jengo ni la zamani, tabaka ni nyingi, rangi ni ya mafuta, basi ichukuliwe kuwa inayo mpaka ithibitishwe haina.

Ugomvi wa wiki moja

Baba Imani hakukubali haraka. Alikuwa ameshampa fundi malipo ya awali. Bajeti yote ya matengenezo ilikuwa Sh7.5 milioni, na Sh2.4 milioni kati ya hizo zilikuwa za jipsamu na taa. Nyumba ya kupanga Tabata ilikuwa inaisha mwezi, na mwenye nyumba alishapata mpangaji mwingine.

"Nilimwambia, mama Imani, mzee wa chini anaishi humu tangu miaka ya sabini, amelea watoto watano, wote wako kazini," anasema. "Na sisi tumekulia kwenye nyumba hizihizi."

Ni hoja inayosikika kila afya ya watoto inapozungumzwa, na si ya kijinga. Ugumu wa risasi ni kwamba haiachi kovu la kuonyesha. Mtoto hakui na alama usoni; pengine anachelewa kidogo kusoma, pengine anaitwa mtundu shuleni, na hakuna wa kusema angekuwaje bila hiyo. Mkewe alimjibu kwa swali moja tu: kama wakikosea, ni nani atakayelipa, wao au Imani na mdogo wake?

Walinuniana siku mbili. Siku ya tatu Baba Imani alikwenda mwenyewe kumwona fundi.

Fundi alikuwa na mpango wake: siku mbili za kukwangua kwa mashine ya msasa, siku ya tatu kupiga putti, ya nne rangi. Hivyo ndivyo kazi hufanyika karibu kila mahali, na hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haimdhuru mtu akikaa nayo. Ikisagwa kavu hugeuka vumbi laini linalotua kwenye sakafu, magodoro, mikono na midoli, na mtoto hulila bila mtu kumwona akila. Kuichoma kwa moto ili ilainike ni hatari vilevile, kwa sababu ya moshi wake.

Wakaanza kupanga upya. Jipsamu ikafutwa, na kwa kweli halikuwa jambo la kusikitikia: dari ikishushwa kwenye flati ya chini namna ile, joto la Desemba linabaki vichwani mwa watu, na feni ya juu haina pa kukaa. Fedha zake zikahamia kwenye madirisha. Badala ya kukwangua fremu sita za mbao, ziling'olewa nzima, zikafungwa kwa nailoni palepale na kuwekwa madirisha ya aluminiamu yenye nyavu za mbu.

Mlinzi wa jengo aliziomba zile mbao kwa ajili ya kuni. Ilibidi Baba Imani akae naye kumweleza kwa nini anamnyima, kwani mbao yenye rangi ya risasi ikichomwa jikoni, moshi na majivu yake hubeba sumu ileile. Ziliondoka na gari la taka, zikiwa zimefungwa. Mlinzi hakufurahi.

Milango ilibaki. Pale rangi iliposhika, haikuguswa, ilipakwa nyingine juu yake. Palipobanduka, fundi alilowesha kwanza kwa maji ya chupa ya kupulizia, akakwangua taratibu kwa mkono, huku nailoni nene imetandikwa chini na mlango wa chumba umezibwa. Mabanzi yalikunjwa ndani ya nailoni hiyohiyo. Ufagio ulipigwa marufuku. Kila jioni sakafu ilidekiwa kwa maji ya sabuni, dekio likasuuzwa kwenye ndoo ya pili, kisha ikadekiwa tena kwa maji safi.

Fundi alilalamika kuwa kazi ya siku mbili imekuwa ya siku tisa, na akaongezewa fedha. Lakini aliposikia kuwa vumbi la nguo humfuata mtu hadi kwake, alinyamaza. Ana mtoto wa miaka mitatu anayemkimbilia mlangoni akirudi kazini. Tangu siku hiyo alibadili nguo na kunawa kabla ya kupanda daladala, na barakoa aliyokuwa akiivaa kidevuni ikapanda puani. Barakoa za kitambaa hazitoshi kwa kazi hiyo. Zinazofaa ni zile za kuchuja vumbi laini, zinazobana vizuri usoni.

Mama Imani na mtoto hawakukanyaga Upanga siku zote hizo. Walihamia kwa mama mkwe, Mbagala, vyombo vikarundikwa kwa rafiki. Haikuwa raha. Mama mkwe alitaka kujua ni rangi gani hiyo inayowafukuza watu kwenye nyumba waliyoinunua, na alielezwa mara tatu kabla ya kukubali. Baada ya hapo alichukua jukumu la chakula: dagaa, maharage, mchicha na maziwa. Bila kujua alikuwa anafanya sawasawa na ushauri wa kitaalamu, kwani mwili wenye madini ya chuma na kalisi ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi.

Kopo jipya nalo lisomwe

Kosa la mwisho ambalo wangeweza kufanya ni kuondoa sumu ya zamani na kununua mpya. Shirika la AGENDA la hapa nchini, likishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, limewahi kupima rangi za mafuta zinazouzwa madukani na kukuta baadhi zina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Walipokwenda Kariakoo kununua rangi ya grili na milango, Mama Imani alimpigia mumewe simu ya video ili asome makopo mwenyewe: alama ya ubora ya TBS, na maandishi yanayosema rangi haina risasi. Muuza duka wa kwanza aliwaambia rangi zote ni sawa. Waliondoka, wakanunua duka la pili. Kwenye kuta waliweka rangi ya maji, madirisha yakaachwa wazi siku kadhaa hadi harufu ikaisha.

Ukuta wa jiko haukuvunjwa. Majirani wa jengo walikuja juu waliposikia, na hofu yao inaeleweka kwa mji ulioshuhudia ghorofa likianguka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Mhandisi aliyeletwa alisema ukuta huo umebeba mzigo. Mjadala ukaishia hapo.

Roshani ndiyo iliyomshtua Baba Imani mwenyewe. Vyuma vyake vimelala mlalo, ngazi kamili kwa mtoto anayependa kupanda, na ni ghorofa ya tatu. Fundi wa vyuma aliweka vya wima, mapengo yasiyozidi sentimita 10. Mpango wa kuiziba roshani kwa vioo ili iwe jiko la mkaa ulikufa wenyewe baada ya kuambiwa kuwa hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu usingizini.

Kuhusu Imani, daktari alimpima wingi wa damu, akauliza kama amewahi kuonekana akila rangi, udongo au chokaa siku nyingine, kisha akaandika rufaa ya kipimo cha risasi kwenye damu. Kipimo hicho hakifanyiki kila maabara. Damu ilichukuliwa, na hadi wiki iliyopita majibu yalikuwa hayajatoka.

Walihamia Jumamosi. Sebule haina jipsamu wala taa za kujificha, pazia ni zile za Tabata na hazifiki chini. Sehemu ya soketi ya televisheni bado hawajakubaliana. Waya umepita juu ya zulia, na Mama Imani ameufunika kwa kochi ili mtoto asiufikie.