Bahari ya lita 180

Siku za bamvua, maji yakishakupwa, mwamba wa Jambiani au wa Nyali hubaki wazi, na katikati ya mawe hubaki vidimbwi. Humo utakuta samaki wadogo walioachwa na maji, kaa, majongoo bahari, pengine na pweza aliyejibana tunduni. Chovya mkono mnamo saa sita mchana. Maji yana moto. Jua limeyapasha tangu asubuhi, mvuke umepaa na kuiacha chumvi nyuma, hewa iliyomo majini imepungua, na uchafu wa viumbe wote hao haujapata pa kwenda. Samaki wanahema mbiombio. Wanaponea kwa jambo moja tu: kabla ya jioni bahari itarudi.

Tangi la samaki wa baharini ni kidimbwi hicho hicho, ila limewekwa sebuleni na bahari hairudi. Mwenye nyumba ndiye kupwa na kujaa. Ninapoulizwa na mtu anayetaka kufuga matumbawe nyumbani huwa naanzia hapo, kwa sababu maswali yote mawili yanayomsumbua anayeanza, la ukubwa wa tangi na la chujio, yanajibiwa na kidimbwi kile.

Kwanza ukubwa. Wengi huja wakiwa wameshaamua: tangi dogo, la lita 30 au 40, la kujifunzia, na wakishazoea watanunua kubwa. Ni fikra ya mtu mwangalifu, na ndiyo inayoua samaki wengi kuliko uzembe. Chukua matangi mawili. La kwanza ni la lita 60, ambalo ukishatia mchanga na mawe hubaki na maji kama lita 45. La pili lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Kwa hesabu ni lita 182, na likishapangwa hubaki na lita 150 hivi. Konokono mmoja akifia nyuma ya jiwe bila wewe kumwona, amonia inayotoka katika mzoga wake ni ile ile kwa matangi yote mawili, lakini katika lile dogo inakuwa kali zaidi ya mara tatu. Mtoto akikung'uta kopo la chakula cha samaki ni vivyo hivyo.

Watu hupenda kutaja pia maji yanayopungua kwa mvuke. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama inavyosemwa, maana tangi kubwa nalo lina uso mpana zaidi. Tuseme umesafiri siku tatu. Tangi dogo likipoteza lita 1.3 kwa siku, chumvi yake itapanda kutoka gramu 35 kwa kila kilo ya maji hadi 38 na ushei. Kubwa likipoteza lita 3 kwa siku litafika 37. Yote mawili yanahitaji kuongezwa maji, na maji ya kuongeza ni matamu, kwa kuwa chumvi haikupaa na mvuke. Anayejazia kwa maji ya bahari kila siku anajitengenezea bwawa la chumvi bila kujua.

Faida ya maji mengi, basi, ni muda. Kosa la asubuhi unaweza kuliona jioni na kulirekebisha kesho, samaki akiwa bado hai. Ndiyo maana kwa anayeanza nasema kati ya lita 150 na 200. Chini ya lita 80 ni kazi ya fundi aliyekwisha kuzoea kupima maji. Juu ya lita 250, gharama za chumvi, taa na pampu huanza kumkimbiza mtu kabla hajaionja raha yenyewe.

Tangi hilo la lita 182, pamoja na mawe, mchanga na kioo chake, litakaribia kilo 250. Meza ya runinga haibebi mzigo huo. Pia usishawishike na tangi refu jembamba kwa sababu linapendeza kwenye kona: hewa huingia majini kupitia uso wa maji, kwa hiyo upana una faida kuliko kimo, tena kimo cha sentimita 45 kinakuwezesha kufika chini kwa mkono. Mafundi wetu wa vioo na alumini wanaweza kulijenga vizuri kabisa, kwa sharti moja ulisimamie mwenyewe: silikoni isiwe ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo huua samaki.

Sasa chujio. Mtu akisikia neno hilo hufikiria mashine yenye sifongo inayonasa takataka, kama chujio la chai. Takataka zinazoonekana si tatizo kubwa. Muuaji ni amonia, ambayo haina rangi, na hutoka katika mkojo na pumzi ya samaki, katika chakula kilichobaki na katika kila kinachooza. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.4, na kwa pH hiyo sehemu ya amonia iliyo sumu hasa huwa zaidi ya mara kumi ya ile ya maji yenye pH 7. Kiasi ambacho samaki wa maji matamu angekivumilia kinamchoma mashavu samaki wa mwambani.

Anayeondoa amonia ni bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hawa hawaogelei. Wanajishikiza juu ya mawe, mchanga na kila kitu kigumu kinachopitiwa na maji yenye hewa. Ndani kabisa ya jiwe lenye vinyweleo, mahali hewa isipofika, wapo wengine wanaoivunja nitrati hadi ikawa gesi ya naitrojeni na kupaa zake. Jiwe moja linafanya kazi zote hizo bila umeme.

Jambo hili halikujulikana na wafugaji siku zote. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa Jakarta, alieleza katika jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyokuwa akifuga samaki na matumbawe kwa maji ya bahari, mawe hai kutoka mwambani na mapovu ya hewa, basi. Wasomaji wengi waliishi mbali na bahari na njia yake haikuwashika. Baadaye wafugaji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, waliirudia fikra hiyo wakiongeza taa kali na mashine ya kutoa povu, na mpaka leo mawe pamoja na povu huitwa mtindo wa Berlin. Ndio mtindo ninaompendekezea anayeanza, kwa kuwa una vitu vichache vya kuharibika.

Kuhusu povu, mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, povu zito la rangi ya maziwa machafu hutupwa ufukweni. Protini na mafuta yaliyoyeyuka katika maji hung'ang'ania mapovu ya hewa, na upepo huyasukuma yote nchi kavu. Mashine ya povu hufanya hivyo hivyo ndani ya bomba: hupuliza mapovu madogo mno, povu likapanda hadi kwenye kikombe cha juu, nawe ukamwaga maji ya kahawia yenye harufu mbaya. Uchafu huo umetoka kabla haujaoza, kwa hiyo hata bakteria hawakupata kazi ya kuushughulikia. Kwa maji matamu haifanyi kazi ya maana, kwani mapovu yake ni makubwa na hupasuka upesi.

Lile kopo la chujio lenye sifongo ndani, linalouzwa pamoja na matangi mengi, linaweza kusaidia, mradi sifongo lisuuzwe kila wiki. Likiachwa miezi mitatu linageuka jalala: uchafu unaozea humo na maji yanapita katikati yake usiku na mchana. Afadhali fedha hiyo uitie kwenye pampu ya pili ya kusukuma maji. Matumbawe yamejishika mahali pamoja. Yanangoja mkondo uyaletee chakula na kuyaondolea taka. Pampu ziwe na uwezo wa kuzungusha maji yote ya tangi mara 10 hadi 20 kwa saa.

Mawe yenyewe yatoke wapi? Mwambani hapana. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, huruhusiwi kuondoka hata na kombe, na matumbawe magumu yote duniani yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini pwani yetu imejengwa juu ya miamba iliyokuwa matumbawe zamani za kale. Ndiyo mawe yaliyojenga nyumba za Lamu na Mji Mkongwe. Jiwe la namna hiyo kutoka machimbo ya nchi kavu, lililo jepesi na lenye matundu, ukilisugua, ukaliloweka wiki kadhaa kwa kubadilisha maji na ukapima kuona kama linatoa fosfati, litawapa bakteria makazi bila kugusa mwamba ulio hai. Kazi ni ndefu kidogo. Kwangu mimi ndiyo njia ya heshima.

Maji nayo. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam anaweza kuteka bahari yenyewe: wakati wa maji kujaa, mbali na bandari, mdomo wa mto na mabomba ya hoteli, na si baada ya mvua kubwa za masika. Ayapime chumvi kwanza. Anayeishi Nairobi, Arusha au Kigali atanunua chumvi maalumu ya matangi, aikoroge katika maji yaliyopita kwenye mashine ya osmosisi, kwa sababu maji ya bomba huja na klorini, fosfati na wakati mwingine shaba. Samaki anaweza kuivumilia shaba kidogo. Matumbawe, konokono na kamba hawawezi.

Vitabu vya ughaibuni hutumia kurasa nyingi kueleza hita. Nairobi mwezi wa Julai utaihitaji, ya wati 150 au 200. Pwani shida ni joto. Matumbawe hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 27, na chumba cha Dar mwezi wa Februari kina 31 kabla hujawasha taa. Mwaka 1998, El Niño ilipopandisha joto la bahari, matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa, na kilichozidi juu ya kiwango cha kawaida kilikuwa nyuzi chache tu. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili, na mvuke huongezeka, kwa hiyo maji matamu ya kuongezea yatahitajika asubuhi na jioni.

Kisha umeme hukatika. Maji ya bahari kwenye nyuzi 28 hubeba oksijeni miligramu 6 na kidogo kwa lita, wakati maji matamu ya joto hilo hubeba karibu 8. Pampu zikisimama, lita 45 zenye samaki wanne zitakuwa hatarini muda mrefu kabla ya lita 150 zenye samaki hao hao. Pampu ya hewa ya betri ni ya bei nafuu. Inunue kabla ya samaki.

Na samaki mwenyewe angoje. Tia maji, mawe na mchanga, weka amonia kidogo au kipande cha kamba kioze, kisha upime kila baada ya siku chache. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itapanda na kushuka, na kwa kawaida wiki nne hadi sita zitapita kabla zote mbili hazijafika sifuri. Baada ya hapo badilisha sehemu ya maji na utie samaki mmoja. Wiki mbili baadaye, mwingine. Tangi la lita 180 linatosha samaki wadogo wanne au watano. Jozi ya samaki wa anemoni wa pwani yetu, wale wenye mistari miwili myeupe, wataishi humo kwa raha. Matumbawe laini yatangulie, yale magumu yasubiri mpaka ujue kuituliza kalsiamu ya maji kwenye miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji.

Kangaja wa buluu, yule mwenye pezi la njano mgongoni, ndiye anayetakwa na kila anayeanza. Pwani ya Kenya wazamiaji wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kama yeye kwa miongo kadhaa ili wasafirishwe Ulaya na Marekani. Kangaja hufika sentimita 20 na zaidi, na mwambani huogelea masafa marefu kila siku kutafuta mwani. Hakuna chujio litakalompa masafa hayo ndani ya sentimita 90. Ukimwona kwenye duka la samaki, mwache hapo. Ukitaka kumtazama, vaa miwani ya kuzamia uende Kisite au Chumbe wakati maji yanajaa.