Kichwa cha kuvuta tela: anza na mizani, bei baadaye

KIGALI

Kabeza, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, uko mbali na bahari na hauna reli. Mchele unaouzwa katika maduka yake umesafiri: mwingine umetoka Kahama, mwingine umeshushwa melini Dar es Salaam, karibu kilomita 1,500 kutoka hapa. Mwenye duka huanza kwa kulipia nafasi katika lori la mtu mwingine. Wateja wakiongezeka, hufika siku akakaa na daftari lake, akajumlisha nauli za mwaka mzima na kuona kwamba amemlipia mwenzake lori. Hapo ndipo huanza kutafuta kichwa chake mwenyewe.

Uamuzi huo si wa kuchezea. Mara nyingi fedha ni za mkopo na nyumba imewekwa rehani. Na kichwa kisichofaa hung'aa sawa na kinachofaa kikiwa kimeegeshwa kwa muuzaji.

Wanunuzi wengi huanzia kwenye injini, kwa sababu ndiyo muuzaji anayoisifia. Lakini mzigo utakaobeba hauamuliwi na injini, unaamuliwa na mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huhesabu ekseli. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili zilizo pamoja, tani 18, na tatu zilizo pamoja, tani 24. Gari na tela lake, hata likiwa na ekseli ngapi, lisizidi tani 56.

Sasa piga hesabu. Kichwa cha ekseli mbili kikivuta tela la ekseli tatu kinaruhusiwa 8, jumlisha 10, jumlisha 24: tani 42. Kichwa cha ekseli tatu kikivuta tela lilelile, yaani ile gari ambayo madereva huiita ya tairi 22, kinaruhusiwa tani 50. Ondoa uzito wa gari tupu, ambao kwa kichwa na tela huwa kati ya tani 14 na 16 hivi. Wa kwanza anabaki na tani 28, wa pili na tani 34 au zaidi kidogo. Tofauti ya tani 6 ni mifuko 240 ya mchele ya kilo 25, kila safari, kwa dereva yuleyule na kwa vibali vilevile.

Mtego uko hapo. Vichwa vingi vilivyotumika vinavyotoka Ulaya ni vya ekseli mbili, maana huko barabara ni nzuri na vinatosha. Bei yake huvutia. Mwenye navyo akitaka kubeba kama jirani yake wa tairi 22, ekseli ya nyuma itamsaliti kwenye mizani ya Vigwaza, kabla hata hajafika Morogoro. Atalipa, atapunguza mzigo, na atalala njiani.

Hata ekseli tatu si zote sawa. Kuna kichwa ambacho ekseli zote mbili za nyuma zinasukuma, na kuna ambacho moja inasukuma na nyingine inabeba tu. Cha pili hunywa mafuta kidogo na kwenye lami kavu hakina neno. Ila anayepakia mpunga vijijini wakati wa masika, au anayefikiria kuvuka kwenda Kongo, atanunua cha kwanza na hatajuta.

Injini inakuja baada ya hapo, na pamoja nayo breki. Kupanda Sekenke mkoani Singida kunahitaji nguvu. Kushuka kunahitaji breki ya injini inayofanya kazi. Ukivuka Rusumo, hadi Kigali ni kilomita 160 hivi za vilima. Anayejaribu kichwa kikiwa hakina tela, kwenye barabara tambarare, hajajaribu kitu.

Kisha nenda nyuma ya kibanda uangalie sahani, lile bamba zito la chuma lililopakwa grisi ambalo tela huegemea. Pini ya tela huwa ya milimita 50 au ya milimita 90, na sahani lazima ilingane nayo. Tazama pia kufuli la sahani kama limelika, na kimo chake: sahani ikiwa juu mno au chini mno, tela halikai sawa na uzito hauendi kwenye ekseli ulizozipigia hesabu. Huko Marekani kuna watu hufunga sahani ya namna hiyo ndani ya pikapu na kuvuta nyumba za mapumziko. Kazi ya Rusumo ni nyingine.

Swali la usukani linamgusa Mnyarwanda kuliko jirani zake. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Tanzania, Uganda na Kenya huendesha kushoto. Rwanda ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia tangu mwaka 2005, ingawa malori makubwa yamewahi kupewa nafuu. Kwa anayekwenda Dar es Salaam, sehemu kubwa ya safari iko Tanzania, na dereva mwenye usukani wa kushoto huko hulazimika kumtegemea utingo ili kulipita gari lililo mbele. Kabla ya kutoa hata faranga moja ya kishika uchumba, uliza Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kichwa hicho kitasajiliwa kwa masharti gani leo. Neno la muuzaji halitoshi.

Faida kubwa ya kichwa na tela, ikilinganishwa na lori la bodi, ni kwamba hutengana. Tela linaweza kubaki Masaka likishushwa mzigo huku kichwa kikirudi barabarani na tela jingine. Mwaka 2020, wakati wa COVID-19, Rwanda ilipoagiza madereva wabadilishane Rusumo na mzozo ukazuka mpakani, wafanyabiashara waliona jinsi ilivyo vigumu kumkabidhi mtu mwingine gari zima. Tela peke yake lina namba yake na bima yake. Anayenunua kichwa afikirie mapema tela la pili.

Na ahesabu safari ya kurudi. Malori mengi hushuka Dar es Salaam bila mzigo, kwa kuwa Rwanda huagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza. Kichwa kinachozidi kingine kwa lita 5 kila kilomita 100 kinakula lita 75 zaidi kwenda, na hata kikirudi kitupu bado kinakula. Mchele wa Kahama unaouzwa Kabeza ndio utakaolipa mafuta hayo, pamoja na rejesho la benki la mwisho wa mwezi.